Sakafu ya Mbao na Macho ya Mwalimu

Direkta wetu mpya, mkuu wa shule, ni kijana mwenye adabu, ila ana kasoro moja: hapendi kuona mtu akila kwa amani. Siku ya kuniaga, nikiwa na sahani ya wali na samaki magotini, alisimama mbele ya walimu wote akasema, "Papa Saidi, mbele ya kutuacha, utuambie sisi batoto yako: ni vitu gani vinasaidiaka rendement ya mwalimu wa viziwi?"

Rendement ni neno wanalolipenda wakaguzi. Wanataka kujua ni kazi kiasi gani inayotoka kwa mwalimu, na kwa nini haikutoka zaidi. Nilimeza tonge, nikasema maneno ya karamu, watu wakapiga makofi, viziwi wakatikisa viganja hewani kama ilivyo desturi yao ya kushangilia. Nilichosema hakikuwa jibu. Jibu lilitolewa baadaye alasiri ile ile, na mtu mwingine, nami nitafika huko. Sasa niko nyumbani, mke wangu ameshachoka kuniona barazani tangu asubuhi, na nimeona heri niwaandikie ninyi mnaobaki. Vyeo na mishahara sitavitaja, maana havijazi hata ukurasa.

Shule yetu ya kwanza haikujengwa iwe shule. Ilikuwa ghala la zamani karibu na reli hapa Kindu, la mbao tupu, limeinuliwa juu ya vigingi kwa sababu ya maji ya mvua. Mizigo ilipoacha kuja, ghala likaachwa kwa panya, na panya walipochoka likapewa viziwi. Ukitembea ndani, sakafu nzima ilikuwa ikiitika. Nilifika pale asubuhi na suti ya kuazima na masharubu mazito niliyokuwa nikiyatunza tangu chuoni, maana wakati ule nilidhani masharubu ndiyo yanayomtenga mwalimu na mwanafunzi.

Aliyenipokea ni Mama Bernadeta, mwanamke wa Punia, mnene, mwenye kusema kidogo. Ndiye aliyekuwa akiishika shule. Aliniangalia usoni kwa muda mrefu hata nikaanza kujipangusa.

"Weye unakuja kufundisha batoto wanaangaliaka kinywa ya muntu," alisema, "na kinywa yako iko ndani ya pori?"

"Mama, nitaongea kwa nguvu."

"Kwa nguvu! Ile nguvu watasikia na nini? Kesho ukuje na kinywa, ao usikuje."

Kesho yake nilifika na kinywa, na mikato mitatu, kwa kuwa wembe ulikuwa butu na hasira zilikuwa kali. Watoto waliona. Viziwi humpa kila mtu jina la mikono, na jina halichaguliwi na mwenyewe. Langu likawa kidole kinachopita chini ya pua kama wembe, kisha uso unakunjwa kwa maumivu. Mpaka leo, ukiwauliza viziwi wa Kindu habari za Papa Saidi, hawatakuelewa. Pitisha kidole chini ya pua, watakuonyesha nyumba yangu.

Somo la pili lilikuwa la mguu. Ukitaka kumwita mtoto asiyesikia na amekupa kisogo, utafanyaje? Mama Bernadeta alipiga sakafu kwa kisigino, mara moja, na vichwa vyote vikainuka. Mbao zilikuwa zimepeleka habari mpaka kwenye nyayo zao. Hatukuruhusu viatu darasani kwa sababu hiyo, ingawa wakaguzi waliandika kwamba ni kwa umaskini. Baada ya miezi michache mtoto alikuwa amezoea hivi kwamba hata usingizini, ukipiga mguu, anafumbua macho kukutafuta.

Somo la tatu ndilo gumu, na ndilo ninalowaomba mlishike kuliko mengine. Nilikuwa mbele ya darasa, nikionyesha picha ya kuku, watoto wote macho kwangu. Mama Bernadeta alipita nyuma yao kimya, akaangusha kifuniko cha sufuria juu ya jiwe la mlangoni, nje ya mbao. Kelele ilikuwa ya kupasua sikio. Nikashtuka, nikaangalia mlangoni. Darasa zima likageuka.

"Nani alisikia?" aliuliza.

"Mimi."

"Na bale wamegeuka?"

Nilianza kuelewa. Waligeuka kwa sababu macho yangu yalikwenda kule.

"Bado hawajajua jina yako muzuri, lakini macho yako wameisha kuijua," alisema. "Kitu ikianguka kule nyuma, na hautaki batoto waende kule, weye usiende kule. Hata nyumba ikianguka."

Tulirudia zoezi hilo wiki nzima. Yeye alikuwa akiangusha vitu, mimi nikifundisha kuku. Aliangusha ndoo, jembe, na siku moja yeye mwenyewe alianguka kwa bahati mbaya, na mimi nikaendelea na kuku. Aliinuka akichechemea, akasema sasa naweza kuitwa mwalimu.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Kioo kikubwa chenye ufa, ili mtoto aone mdomo wake pamoja na wangu. Ngoma ya kuegemeza tumboni, ili mtoto ahisi mdundo. Mshumaa wa kufundishia "pa": mtoto akitamka vizuri, mwali unatikisika; ukibaki umesimama, ama amekosea ama amenuna. Madawati tuliyapanga nusu duara ili kila mtoto aone mikono ya mwenzake, na dirisha lilikuwa mgongoni mwa watoto, kamwe si mgongoni mwangu, maana mwalimu aliyelipa jua kisogo anakuwa kivuli kinachopunga mikono. Idadi ikizidi, nusu duara inavunjika na wa nyuma wanabaki kusoma visogo. Mtoto mwenye njaa haiinui mikono, na mwalimu mwenye njaa haoni kwamba haikuinuliwa. Mambo hayo wakaguzi wanaweza kuyaandika, na ni ya kweli.

Zaina aliletwa na baba yake kutoka upande wa Pangi, ambako mzee yule alikuwa akichimba madini. Msichana alikuwa mkubwa tayari kwa mwanafunzi wa kuanza, miguu mirefu, macho yanayozunguka. Hakuwa na neno hata moja, la mdomo wala la mikono.

"Mwalimu, huyu hana wazimu," baba alisema. "Ana akili. Kukiwa mvua anaanua muhogo mbele ya mama yake. Lakini namna ya kumuita haiko. Tunamurushiaka kijiwe."

"Kijiwe?"

"Kidogo tu. Ku mugongo. Tutafanya nini, baba?"

Sikumlaumu. Nimeona wazazi waliowaficha wa kwao jikoni mpaka wakaota ndevu. Huyu alitembea na wake siku nyingi kwenye matope akamleta. Alipoondoka, Zaina alikwenda kusimama mlangoni kumngojea, na akasimama hapo kila siku. Nikimshika mkono arudi kwenye dawati, ananiuma. Ishara yetu ya "bado" ni kiganja kinachoshushwa polepole, mara mbili, kama unalaza moto wa jiko. Nilimpa ishara hiyo asubuhi, mchana na jioni. Baba atakuja? Bado. Chakula? Bado. Kwenda nje? Bado. Mikono yangu ilikuwa na alama za meno mpaka mke wangu akauliza kama nafundisha watoto au mbwa.

Kisha siku moja nilikuwa nikifuta ubao kwa haraka. Watoto walikuwa wananakili, na Zaina, ambaye kwa kawaida alichora mistari tu, alikuwa akichora herufi. Alipoona mkono wangu unaifuta ubaoni herufi aliyokuwa akiinakili kabla hajaimaliza, alinyoosha kiganja, akakishusha polepole, mara mbili. Bado.

Lilikuwa neno lake la kwanza duniani. Nilitoka nje nikanawa uso kwa maji ya pipa. Mama Bernadeta alinikuta pale, akasema tu, "Sasa iko na moja. Zingine zitakuja kuitafuta." Zilikuja, na kwa fujo. Baada ya mwaka alikuwa akinichekesha darasani kwa kuiga wakaguzi.

Vita vilipofika, sisi tulibaki. Msiniulize nani alikuwa nani. Mji ulishikwa na hawa, kisha na wale, na kila waliokuja waliapa kwamba wametukomboa kutoka kwa waliotangulia. Wakati ninaousimulia, wenye mji, yaani askari waliokuwa wameushika, walikuwa ndani na adui zao walikuwa msituni pande zote, na sisi tulikuwa katikati bila mashamba. Mchele ulikuwa ndoto, sombe, majani ya muhogo, ndiyo ilikuwa nyama. Watoto waliokuwa na jamaa karibu walichukuliwa. Wa mbali, wa Pangi, Punia na Obokote, walibaki kulala shuleni, na Mama Bernadeta na mimi tulibaki nao, kwani tungewaachia nani?

Hapo ndipo mambo tuliyowafundisha yalipoanza kutuchezea. Bomu likianguka ng'ambo ya mto, sakafu inatikisika, na darasa zima linainua vichwa kuniangalia: walidhani nimewaita. Mara ya kwanza nilicheka, kisha nikalia. Ikabidi tuwafundishe upya. Sakafu ikitikisika, mtoto ananiuliza kwa kidole, "Wewe?" Nikitikisa kichwa, anajua si mimi. Basi aniangalie mimi tu. Nikilala chini, alale, nikiandika, aandike. Hivyo walijifunza kuvitambua vita kwa nyayo na kuvipima kwa uso wangu, nami nikajifunza kutokuwa na uso.

Jambo la pili lilikuwa mikono yao. Wenye mji walikuwa wanaogopa, na mtu anayeogopa huona adui kila mahali. Ilitangazwa kwamba yeyote atakayeonekana akitoa ishara kwa watu wa msituni atapigwa risasi. Niliwakusanya watoto nikawaambia: barabarani, mikono mifukoni. Fikirini maana yake. Ni kama kumwambia mtoto wenu atembee na kitambaa mdomoni.

Asubuhi moja Zaina na mwenzake walikwenda kuchuma sombe kwenye bustani iliyoachwa kando ya reli. Mwenzake alivuka reli, Zaina akabaki upande wa huku. Askari walitokea nyuma ya Zaina wakapiga kelele asimame. Hakusimama, angesimamaje? Mwenzake aliwaona wameinua bunduki, akasahau mifuko, akainua mikono yote miwili hewani: nyuma yako, askari! Zaina akainua yake kuuliza: wangapi? Askari waliona wasichana wawili wakipeana ishara juu ya reli, ng'ambo yao msitu. Walimkamata aliyekuwa karibu. Mwingine alikimbia mpaka shuleni, akanieleza kwa mikono ya haraka hata nikalazimika kumwambia arudie.

Nilitaka kutoka mbio. Mama Bernadeta alinizuia mlangoni. Wakati huo wembe ulikuwa adimu na masharubu yalikuwa yamenirudia bila kuombwa.

"Kaa hapa. Nikunyoe."

"Mama, watamuua!"

"Watakufunga mikono," alisema. "Wakifunga mikono, utaongea naye na nini?"

Alikuwa na kipande cha wembe kwenye pindo la kitenge chake. Aliniparua bila maji, nimekaa kwenye ngazi. Alipomaliza alinishika kidevu akaugeuza uso wangu kwake.

"Macho yako uishike, Saidi," alisema. "Weye uende. Mi nitabaki na hawa wengine."

Komanda wa askari hao alikuwa katika nyumba ya zamani ya mbao karibu na stesheni. Nilipoona sakafu yake nilijua tumekwisha. Mbao zile zile, juu ya vigingi vile vile. Zaina alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imefungwa nyuma, miguu mitupu. Aliponiona alitoa sauti, ile sauti nzito isiyojisikia yenyewe, na askari mmoja akaruka nyuma.

"Mulisema ni bubu," komanda aliwaambia askari wake. "Sauti inatoka wapi?"

"Ni kiziwi, komanda, hana ububu. Koo lake ni zima. Hajui tu kama sauti inatoka."

Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa amechoka, macho mekundu, na mtu aliyechoka akiwa na bunduki ananitisha kuliko mlevi.

"Weye njo mwalimu yake?"

"Ndiyo."

"Basi angalia mwanafunzi yako." Alizunguka, akasimama nyuma ya Zaina, akapiga sakafu kwa buti. Zaina aligeuka papo hapo, kichwa juu, macho yakitafuta aliyemwita. Alikuwa mwanafunzi mwema.

Askari walicheka. Komanda hakucheka. "Nimefanya hivi kila mara tangu asubuhi," alisema. "Kila mara anageuka. Anasikia kuliko mimi."

Nilieleza. Nilieleza mbao, nyayo, kisigino cha Mama Bernadeta, ghala, panya, kila kitu. Nilijisikia mwenyewe nikisema maneno mengi, na mtu anayesema maneno mengi mbele ya bunduki anaonekana mwongo. Mwishowe nikasema, "Komanda, vua buti. Askari apige mguu nyuma yako. Utaona."

Komanda aliziangalia buti zake.

"Nivue viatu," alisema polepole, "mbele ya baaskari wangu, juu ya maneno ya mwalimu?"

"Basi tutoke, komanda. Twende kwenye mchanga wa mto. Mchanga haupeleki habari. Mumupigie kelele yoyote nyuma yake, akigeuka ni mwongo, na mimi ni mwongo."

Aliwaza. "Kelele yoyote?" Akagusa bunduki yake. "Hii njo kelele yangu."

Hapo niliona kosa langu. Nilikuwa na vifuniko vya sufuria akilini, kengele, mabati. Bunduki ya karibu haihitaji sikio: inampiga mtu kifuani kama ngoma, na mimi ndiye niliyewafundisha wale watoto kusoma ngoma kwa tumbo. Niliomba asimame mbali. Aliuliza kama sasa mimi ndiye ninayepanga vita. Nikaomba jambo moja: nisimame mbele ya Zaina, na watu wengine wote wakae nyuma.

"Juu ya nini?"

"Asiogope."

Ilikuwa kweli nusu. Nusu ya pili sikuthubutu kuisema. Kiziwi husikia kwa macho ya wengine. Bunduki ikilia, kila askari aliye mbele yake atapepesa, na Zaina atajua kuna kitu nyuma. Nilitaka awe na uso mmoja tu wa kusoma, na uso huo uwe wangu.

"Sawa," komanda alisema. "Lakini fungeni huyu mikono. Akimupa ishara, wote wawili hawatarudi."

Walinifunga kwa kamba ya baiskeli. Mama Bernadeta alikuwa amesema kweli.

Tuliteremka ukingoni. Mto ulikuwa umeshuka na mchanga ulikuwa mkavu, mwingi, unaozamisha mguu. Walimsimamisha Zaina akiwa ameutazama mto, mimi mbele yake, maji nyuma yangu. Wao wote walikwenda nyuma yake. Komanda alikuwa ameniambia niufunge mdomo wangu, na aliniangalia mdomoni. Nilikuwa nimenyolewa bure. Zaina aliniangalia. Uso wake wote ulikuwa swali moja. Kwetu sisi nyusi zikiinuka kidogo ni kuuliza, zikishuka ni kukataa, na shavu likijaa hewa ni "nyingi". Uso wangu ulikuwa umejaa maneno tangu ujana, na ilinibidi niyafute yote.

Juu ya bega lake, pembeni mwa jicho, kitu cheusi kiliinuka. Sikukiangalia. Kwa hiyo sikujua kama mtutu umeelekea juu au umeelekea mgongo wake. Ndugu zangu walimu, hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya katika kazi hii, na hakuna mkaguzi aliyeniuliza habari zake: sikuangalia. Nilimtazama katikati ya macho. Nilifundisha kuku.

Ililia. Nilisikia hewa inapita, na huko mtoni, ndani ya mtumbwi, mtu alipiga ukelele. Sijui kama nilipepesa. Najua tu kwamba Zaina alikuwa bado amesimama, hakuna damu, na macho yake hayakuondoka kwangu.

"Tena," komanda alisema, na safari hii sauti ilikuwa imesogea karibu.

Ya pili ilikuwa karibu hivi kwamba kitambaa cha kichwa cha Zaina kilitikisika. Masikio yangu yalijaa filimbi. Yeye hakugeuka. Aliniangalia tu, na mimi nilimwangalia, na nilisali kwa moyo sala zote nilizofundishwa utotoni, hata zile za mazishi.

Kisha zilikuja hatua kwenye mchanga. Komanda alipita kando yetu, akatufungua kamba mwenyewe.

"Beba mutoto yako," alisema. "Na mikono yenu muifiche. Wengine hawatauliza kama mi nimeuliza."

Tulipokuwa tunapita mbele ya nyumba yake niliona mlango wazi. Alikuwa amerudi kwenye kiti, ameinama, anafungua kamba za buti moja. Sikungoja kuona zaidi. Hatua chache mbele nikakaa kwenye reli, na Zaina, mikono mifukoni kama nilivyofundisha, akasimama kunikinga na jua.

Vita vilipotulia baba yake alikuja kumchukua, na miaka ikapita. Baadaye alirudi mjini, akaolewa, akaweka cherehani karibu na soko. Tulikuwa tukisalimiana, akinitengenezea suruali, tukizungumza bei ya nyuzi. Ya mtoni hatukuyagusa. Katika mji huu kila mtu ana mchanga wake, na si adabu kuuchimba wa mwenzako. Mimi nilijiambia kwamba mchanga ulifanya kazi yake na msichana hakuhisi kitu. Wazo hilo lilinisaidia kulala.

Mama Bernadeta alifariki nikiwa bado kazini, na nyembe zake zilibaki kwenye pindo la kitenge. Wafadhili walitujengea shule mpya, nzuri, ya matofali, yenye sakafu ya simenti na vigae vinavyong'aa. Siku ya kufungua nilipiga mguu, nikaumia kisigino, na hakuna mtoto aliyegeuka. Tangu siku hiyo walimu mnazunguka darasa mkigusa mabega mtoto mmoja mmoja mpaka muda umekwisha, kisha mnaulizwa kwa nini rendement imeshuka. Niliomba mbao. Nilijibiwa kwamba mbao ni za zamani. Direkta kijana, nakuomba tena hapa kwa maandishi.

Basi turudi kwenye karamu. Makofi yalikuwa yamekwisha, soda zilikuwa zinagawiwa, na Zaina alitokea mlangoni na kifurushi cha nguo: ameniletea shati. Viziwi wakubwa walimkumbatia. Alikuja mpaka kwenye kiti changu, akapitisha kidole chini ya pua, akakunja uso, na akacheka. Nyuma yake, kule jikoni, mtu aliangusha sinia la glasi. Wageni wote wanaosikia waligeuka. Mimi sikugeuka, ni mazoea. Zaina aliona wengine wamegeuka na mimi nimetulia, na uso wake ukabadilika.

Aliweka kifurushi chini. Ninayoyaandika sasa aliyasema kwa mikono, na mikono haina lafudhi, kwa hiyo nayaandika kwa Kiswahili cha kitabuni.

"Kama siku ile," alisema.

Nami niliinua mikono. Kisha nikauliza kile ambacho sikuwahi kuthubutu kukiuliza: "Ulihisi kitu?"

Alikunja ngumi, akajipiga kifuani, juu ya mfupa. Mara mbili.

"Ya kwanza nilidhani ni wewe, unaniita. Lakini ulikuwa mbele yangu na miguu yako haikusogea. Ya pili nilijua ni bunduki. Ilikuwa hapa nyuma. Nilihisi moto wake shingoni."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukugeuka?"

Aliniangalia kama alivyoniangalia mchangani, macho kwa macho, kisha akanyoosha kiganja chake chenye alama za sindano, akakishusha polepole, mara mbili.

"Macho yako yalisema hivyo," akaongeza.

Na mimi, wenzangu, siku zote hizo niliamini kwamba macho yangu hayakusema kitu.

Direkta alikuwa amesimama karibu, glasi mkononi. Bado anajifunza ishara, na alikuwa ameshika nusu tu. "Papa," aliniuliza, "mama huyu anasema nini?"

Nilimwambia anajibu lile swali lake. Kisha nikalia mbele ya wageni wote, nikiwa nimenyoa vizuri asubuhi ile, sina hata unywele wa kuufichia mdomo.